Meneja wa mabadiliko asiyeruhusiwa kusema "bado"

Ukitafuta kazi ya usimamizi wa mabadiliko kwenye tovuti za ajira, utakutana na kazi mbili zenye jina moja. Ya kwanza ni ya watu wa tehama: anatakiwa mtu wa kuchunga maombi ya kubadilisha seva na programu, ili pasiwe na anayegusa mfumo usiku bila idhini. Mwongozo wa ITIL, unaofuatwa na idara nyingi za tehama, uliipa kazi hiyo jina jingine katika toleo lake la nne la mwaka 2019, lakini waajiri wengi wameng'ang'ania lile la zamani. Ya pili ndiyo ninayoizungumzia hapa: mtu anayeajiriwa ili shirika linapobadili mfumo, muundo au namna ya kufanya kazi, wafanyakazi wasiachwe nyuma. Wapo wanaotuma maombi ya hii wakidhani ni ile, na wapo maofisa waajiri ambao nao hawajui wametangaza ipi.

Huo ni mkanganyiko mdogo. Mkubwa zaidi umo ndani ya kazi yenyewe. Fani hii inauzwa kama ujuzi wa zana, yaani vyeti, modeli, violezo na slaidi, ilhali thamani yake iko kwenye mamlaka. Je, mtu huyu anaweza kuwaambia wakubwa kwamba watu bado hawako tayari, na tarehe ikasogezwa? Kama hawezi, hata akiwa na vyeti vya kujaza ukuta, shirika limeajiri mwandishi wa barua pepe za matangazo. Anayefikiria kuingia kwenye kazi hii, au aliyemo na anashangaa mbona anachoka bila kuona matokeo, aanzie hapo.

Historia ya fani hii ina kiwanda cha nguo za kulalia. Kiwanda cha Harwood kilikuwa Marion, mji mdogo wa jimbo la Virginia nchini Marekani. Mkuu wake, Alfred Marrow, naye alikuwa amesomea saikolojia, na alikuwa rafiki wa Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933. Tatizo la Harwood linajulikana na kila msimamizi: kila wafanyakazi walipobadilishiwa kazi, hata kidogo tu, uzalishaji ulidorora, manung'uniko yakazidi na wengine wakaondoka. Watafiti Lester Coch na John French wakafanya jaribio, na matokeo yakachapishwa mwaka 1948. Tazama udogo wa badiliko lenyewe. Wapiga pasi waliokuwa wakipanga nguo nusu dazeni juu ya kipande cha kadibodi walitakiwa sasa wazipange nusu dazeni ndani ya boksi. Basi. Kundi lililoitwa na kuambiwa tu kwamba utaratibu umebadilika lilishuka na halikuinuka tena. Asilimia 17 ya watu wake waliacha kazi ndani ya siku 40 za kwanza. Katika makundi yaliyoshirikishwa hakuna hata mmoja aliyeacha katika kipindi hicho, na yale ambayo kila mtu alishiriki, badala ya kutuma wawakilishi, yaliishia kuzalisha takriban asilimia 14 zaidi ya mwanzo.

Wakufunzi wengi huishia hapo. Kinachorukwa ni namna ushirikishwaji ulivyoanza. Uongozi uliweka mezani nguo mbili zinazofanana, moja ya mwaka 1946 na nyingine ya 1947 iliyouzwa kwa nusu ya bei ya mwenzake. Wafanyakazi wakaulizwa ipi ni ya bei ya chini, wakashindwa kuitambua. Ujumbe ukaingia: gharama lazima zishuke. Baada ya hapo ndipo walipokaribishwa kupanga kazi ibadilike vipi. Kama ibadilike au isibadilike, hilo halikuwa lao.

Fani imeishi na mpaka huo tangu siku ya kwanza, na sioni aibu yoyote kuukubali hadharani. Wafanyakazi hawapigi kura juu ya kila uamuzi wa bodi. Ila kuna wanaowapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa: kikao cha "kukusanya maoni" kinaitishwa juu ya jambo lililokwisha kusainiwa. Watu wazima hulinusa hilo dakika kumi za kwanza, na meneja wa mabadiliko aliyeongoza kikao hicho ndiye hupoteza sura, kwa sababu mkurugenzi hakuwepo.

Soko la kazi hii lilikuja kuchanua miaka ya 1990, wakati kampuni kubwa zilipokuwa zikibomoa taratibu zao na kuzisuka upya, na mifumo ya kompyuta ya kuunganisha idara zote ikiingia kwa kasi. Hapo ndipo tulipopata takwimu maarufu kuliko zote. Mwaka 1993 Michael Hammer na James Champy waliandika kwamba, kwa makadirio waliyokiri wenyewe kuwa si ya kisayansi, kati ya asilimia 50 na 70 ya mashirika yanayojisuka upya hayapati matokeo yaliyokusudiwa. Mwaka 2000 Michael Beer na Nitin Nohria wakaandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba takriban asilimia 70 ya mageuzi yote hushindwa. Lile neno la "si ya kisayansi" lilikuwa limeshadondoka njiani. Mwaka 2011 mtafiti Mark Hughes alifuatilia takwimu hiyo chanzo kimoja baada ya kingine, akahitimisha kwamba hakuna ushahidi halali unaoibeba. Bado imekaa imara kwenye slaidi za mwanzo za washauri kadhaa, kwa sababu inauza: kama saba kati ya kumi hushindwa, nani atathubutu kuanza bila mshauri?

Hata modeli nazo zina asili ya kutilia shaka. Zile hatua tatu za "kuyeyusha, kubadili, kugandisha" anazopewa Lewin kila kozi zilichunguzwa mwaka 2016 na mtafiti Stephen Cummings na wenzake, wakaonyesha kwamba kwa namna zinavyofundishwa ni kazi ya waliokuja baada yake kuliko yake mwenyewe. Ule mchoro unaoonyesha hisia za wafanyakazi zikishuka kisha kupanda wakati wa mabadiliko umetoholewa kutoka kwa Elisabeth Kübler-Ross, aliyeandika mwaka 1969 juu ya wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Karani aliyebadilishiwa fomu hakaribii kufa. Mara nyingi amekasirika tu, tena kwa sababu za msingi, na kumwambia yuko kwenye "hatua ya kukana" ni njia ya adabu ya kutomsikiliza.

Sisemi zana zitupwe. Modeli ya ADKAR, ya Prosci, kampuni ambayo Jeff Hiatt aliianzisha mwaka 1994, inatenganisha vitu ambavyo miradi hupenda kuvichanganya: kujua kwamba badiliko lipo, kulitaka, kujua namna ya kulifanya, kuliweza kwa vitendo, na kulidumisha. Mtenganisho huo pekee huokoa fedha. Shirika linapomwaga bajeti kwenye mafunzo wakati watu wanajua vizuri cha kufanya ila hawakitaki, modeli hii inakuonyesha kwa nini darasa limejaa na mfumo hautumiki. John Kotter naye, na hatua zake nane zilizojulikana tangu makala yake ya mwaka 1995, aliweka mbele jambo ambalo wengi hulisukuma mwisho: bila kundi la wenye nguvu linalosukuma kwa pamoja, mengine yote ni mapambo.

Na vyeti? Vina kazi moja halali, nayo ni kukupitisha kwenye chujio la maofisa waajiri. Kozi ya Prosci ni ya siku 3. Chama cha wataalamu wa fani hii, ACMP, kilipoweka cheti chake cha CCMP kilidai zaidi: saa 4,200 za uzoefu kwa mwenye shahada, saa 7,000 kwa asiye nayo, saa 21 za mafunzo, kisha mtihani. Huo angalau unapima kama umewahi kuifanya kazi. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kununua cheti kimoja cha bei anayoimudu, kisha afunge mkoba. Cha pili na cha tatu havimwambii mwajiri chochote kipya.

Kazi yenyewe, ikifanywa sawasawa, haina cha kupigia picha. Chukua jedwali la tathmini ya athari, ile hati inayoorodhesha nani ataguswa na vipi. Hati mbovu huandika: "Idara ya fedha: athari kubwa; mafunzo yatatolewa." Hati nzuri ina mstari kama huu: karani wa malipo, leo akiona jina la mlipwaji limekosewa, humpigia simu mwenzake wa ghorofa ya juu, na ndani ya dakika tano limesharekebishwa; kwenye mfumo mpya atafungua tiketi, yaani ombi la marekebisho, inayohitaji idhini mbili, na mmoja wa waidhinishaji hayupo Ijumaa. Mstari huo una mengi. Unakwambia kwamba mwisho wa mwezi tiketi zitarundikana. Unakwambia kwamba yule mwenzake wa ghorofa ya juu aliyekuwa na uwezo wa kumaliza tatizo kwa simu amenyang'anywa uwezo huo bila kuambiwa. Unakwambia pia kwamba karani atalaumiwa na wateja kwa ucheleweshaji asioudhibiti, kwa hiyo usishangae akiwa wa kwanza kusema mfumo haufai. Huwezi kuuandika mstari huo ukiwa chumba cha mikutano. Lazima uvute kiti, ukae pembeni ya karani, unyamaze, uangalie.

Baada ya uzinduzi kuna ishara moja ninayoiamini kuliko dodoso lolote la kuridhika, nayo ni lahajedwali za kando. Mfumo umewashwa, hotuba zimetolewa, mkurugenzi amepongezwa. Wiki tatu baadaye unakuta kwenye kompyuta ya mtu faili limeitwa MALIPO_HALISI_2, na ndilo idara nzima inalitegemea, huku mfumo ukilishwa takwimu jioni ili ripoti zitoke. Meneja mzuri hatafuti wa kumshtaki. Anauliza faili lile linafanya nini ambacho mfumo umeshindwa kufanya, na analipeleka jibu kwa walioujenga. Meneja wa vyeti atatuma barua pepe ya kukumbusha sera.

Kwa sababu hiyo nadhani waajiri wanakosea pa kuchota watu. Wanapenda kuwatoa kwenye mawasiliano, mafunzo, rasilimali watu na usimamizi wa miradi. Kote huko wapo wazuri. Lakini mtu aliyekaa miaka dirishani, kwenye ghala, wodini au kwenye kituo cha kupokea simu, akayaishi mabadiliko matatu yaliyoletwa na wageni wenye slaidi, ana kitu ambacho kozi haiwezi kukifidia: anajua kazi inavyofanyika kweli, tofauti na mwongozo unavyodai. Mfundishe violezo kwa mwezi mmoja. Kumfundisha mtu wa violezo namna kazi inavyofanyika huchukua muda mrefu zaidi, na kuna ambao hawafundishiki.

Sasa turudi kwenye mamlaka. Mfano ambao kila mtu wa fani hii angepaswa kuusoma hadi kurasa za mwisho ni mfumo wa mishahara wa serikali ya Kanada, unaoitwa Phoenix. Lengo lilikuwa kuokoa dola milioni 70 kwa mwaka. Nafasi 1,200 za washauri wa mishahara waliotawanyika katika idara 46 zilifutwa, na kazi ikapelekwa kituo kimoja cha Miramichi, jimbo la New Brunswick, chenye watu wapatao 550. Wengi wa wale waliojua vichochoro vyote vya malipo, zamu, posho na likizo waliondoka na ujuzi wao. Gharama ya kuujenga mfumo ilipokadiriwa kuwa dola milioni 274 wakati bajeti iliyoidhinishwa ilikuwa milioni 155, wasimamizi walipunguza au kuahirisha zaidi ya kazi 100 kati ya 984 ambazo mfumo ulitakiwa kufanya. Jaribio la awali katika idara moja likafutwa mwaka 2015. Februari 2016 mfumo ukawashwa, na Aprili idara nyingine zikaingizwa. Makumi ya maelfu ya watumishi wa umma wakaanza kulipwa pungufu, kulipwa kupita kiasi, au kutolipwa kabisa. Mwaka 2018 mkaguzi mkuu wa Kanada, Michael Ferguson, aliuita mradi huo kushindwa kusikoeleweka.

Mwepesi wa kusoma atasema hapo palikosekana usimamizi wa mabadiliko. Ripoti huru ya mwaka 2017 iliyoagizwa na serikali yenyewe ilisema kweli kwamba mageuzi ya serikali nzima yaliendeshwa kana kwamba ni kubadilisha programu ya kompyuta tu. Ila tusome tena. Taarifa hazikukosekana. Idara zilieleza wasiwasi wao kabla ya uzinduzi. Waliotakiwa kusimamia walikuwa wameshikilia bajeti na tarehe, na taarifa kamili haikuwafikia wa juu yao ikiwa na uzito iliokuwa nao chini. Wa kumfunga paka kengele hakuwepo. Au alikuwepo, ila kengele hakupewa. Ungeweka pale wataalamu kumi wenye vyeti, ukawapa kazi ya kuandika majarida ya habari na kuratibu mafunzo, na Februari 2016 ingefika vile vile.

Ndiyo maana swali la nani unamripotia si la kimuundo tu. Ukiwekwa chini ya mawasiliano, utaandika. Ukiwekwa chini ya rasilimali watu, utafundisha, na wafanyakazi watakutazama kwa jicho la "huyu amekuja kutupunguza". Ukiwekwa chini ya meneja wa mradi, bosi wako ndiye mtu ambaye tathmini yako ya utayari itamharibia tarehe. Hapo ndipo rangi nyekundu ya ripoti, yaani ya hatari, hugeuka njano ikipanda ngazi ya kwanza, na njano hugeuka kijani kabla ya kufika kwenye bodi. Hakuna aliyedanganya waziwazi. Kila mmoja amelainisha kidogo, funika kombe mwanaharamu apite. Mahali pazuri zaidi ni kumripotia mdhamini wa mradi moja kwa moja, yule ambaye bajeti imetoka kwake na ambaye jina lake litatajwa mambo yakiharibika.

Washauri wa nje wana tatizo lao. Hulipwa vizuri, huona mashirika mengi, na wanaweza kusema ukweli ambao mwajiriwa angeogopa kuusema. Lakini mkataba huisha wiki chache baada ya uzinduzi, yaani kabla ya lahajedwali za kando kuonekana. Mtu anaweza kufanya kazi miaka mingi hivyo, akajaza wasifu kwa majina ya miradi, asijue hata mmoja wao uliishia wapi. Mwajiriwa wa ndani hubaki na matokeo, na hukutana nayo kwenye lifti. Ningemshauri yeyote aanze ndani, hata kwa mshahara mdogo, mpaka aone badiliko moja likizeeka.

Kupunguza watu ni suala ambalo kozi nyingi hulipitia juu juu. Meneja wa mabadiliko huombwa aandae ujumbe. Hapo anatakiwa ajue mapema hatavuka mstari gani. Kuandika wazi nani anaondoka, lini, na anapata nini, ni kazi ya heshima hata kama ni chungu. Kuandika kwamba "hakuna uamuzi uliofikiwa" wakati orodha iko kwenye droo ni uongo, na uongo huo utakumbukwa kwa jina lako kila utakapohitaji watu wakuamini.

Akili mnemba nayo inapunguza kazi fulani, na sitaililia. Barua pepe za matangazo, mipango ya mawasiliano ya kujaza kiolezo, maswali na majibu ya kurasa sita: hayo yote sasa huandikwa kwa dakika chache. Aliyekuwa akilipwa kwa hayo ana sababu ya kuwa na wasiwasi. Kukaa pembeni ya karani, na kuingia ofisi ya mdhamini na kumwambia jambo asilotaka kusikia, bado ni kazi ya mtu mwenye miguu na shingo.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, na wewe usaili. Uliza mradi umeanza lini: kama uzinduzi uko wiki nane mbele na wewe ndiye wa kwanza kuajiriwa kwa kazi hii, umeitwa kupuliza zumari. Uliza utakutana na mdhamini mara ngapi kwa mwezi, peke yenu, bila meneja wa mradi. Kisha uliza lini mara ya mwisho shirika hili liliahirisha jambo kwa sababu watu hawakuwa tayari, na nani aliyelisema. Wakikupa mfano, hata mmoja, hata wa kusitasita, panazungumzika. Wakitazamana, unaweza bado kuikubali kazi, maana kodi ya nyumba haingoji. Ila omba mkataba mfupi, tathmini zako ziwe za maandishi zenye tarehe, na nakala ziende kwa mdhamini siku ile ile, kabla hazijapita kwa yeyote wa kuzibadilisha rangi.